Mama, rudi kwenye chumba chekundu: jibu kwa mwalimu wa Kampemba

Jambo mama, na aksanti kwa barua yako. Kwa wasomaji wengine, swali lenyewe kwa ufupi ni hili. Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kampemba. Alikwenda kuona maonyesho katika ukumbi wa umma hapa Lubumbashi, akitegemea kukuta picha ukutani. Hakukuta hata moja. Alikuta vyumba vitupu: kimoja chekundu toka sakafuni hadi darini, cha pili kijani, cha tatu bluu, na cha mwisho kina vioo na vitambaa vya kila rangi vinavyoning'inia. Anaandika: "Nilikaa kama dakika tatu nikatoka. Kichwa kiliniuma. Vijana walikuwa wanajipiga picha tu. Niambie ukweli, hii ni sanaa au ni taa za dansi? Nataka kurudi na wanangu wawili na mama yangu mzazi, ambaye ana mtoto wa jicho. Kuna faida? Na nifanyeje?"

Ni sanaa, mama. Rudi. Ila safari hii usikae dakika tatu, maana hizo dakika tatu ndizo zilizokunyima. Kazi ya namna hii haipo ukutani, wala haipo ndani ya taa. Inatengenezwa ndani ya jicho lako, na jicho linahitaji muda wa kuitengeneza. Mtu akiondoka maji ya bukari hayajachemka, hawezi kujua kama chakula kingekuwa kitamu. Mimi kazi yangu ni kufunga taa za maonyesho na kuongoza wageni, na katika wageni wote ninaowaona, wanaotoka na jambo la kusimulia ni wale waliokaa.

Nianze na chumba chekundu, kwa sababu ndicho kinachofundisha kuliko vingine. Nyuma ya jicho kuna seli zinazoitwa koni, na ziko za aina tatu. Moja inashtuka zaidi kwa mwanga wa upande wa wekundu, moja kwa kijani, moja kwa bluu. Ukiwa barabarani mchana, zote tatu zinapeleka habari, na ubongo unazilinganisha. Kutokana na ulinganisho huo ndipo unaona hili embe na lile jani. Ndani ya chumba chenye mwanga mwekundu peke yake, aina moja inabeba mzigo karibu wote na nyingine hazina la kusema. Mwanzoni wekundu unakupiga usoni. Ukivumilia, zile seli zinazofanya kazi zinapunguza ukali wake, ubongo nao unaanza kurekebisha hesabu, na wekundu unapauka polepole mpaka unakaribia rangi ya waridi lililofifia. Hapo wageni huniuliza kama nimepunguza taa. Sijagusa kitu. Sasa geuka utazame mlango. Kama nje kuna mwanga mweupe wa kawaida, utauona una ukijani wa kuelekea samawati. Rangi hiyo haikuwekwa na msanii mahali popote. Ni jicho lako ndilo limeitoa.

Fanya na jaribio hili. Nalipenda, na watoto wako watalikumbuka. Vaa kikwembe chenye mchoro wa nyeupe, nyekundu na kijani kilichokolea. Nje, maua mekundu yanasimama wazi juu ya nyeupe. Ingia chumba chekundu uangalie pajani: yale maua yamepotea. Nyeupe imekuwa nyekundu sawa na ua, na mpaka kati yao umefutika. Kijani kimekuwa cheusi, kama mtu amekimwagia wino, kwa sababu rangi ya kijani inameza mwanga mwekundu na hapo hakuna mwanga mwingine wa kurudisha. Vuka uende chumba cha kijani, maua yanarudi, lakini yamekuwa meusi, na majani ndiyo yanayong'aa. Kitambaa ni kilekile. Kama una jiwe la malakiti nyumbani, lile la kijani lenye mistari, hata kipande kidogo kati ya vile vinavyouzwa mjini kama mapambo, lishike mkononi pia. Katika wekundu mistari yake inazama na jiwe linaonekana kama kaa. Katika kijani kila mstari unajitokeza, mwembamba na mpana, kama umechorwa leo. Kaa na jiwe hilo, uligeuzegeuze. Hilo ni somo la rangi ambalo hata mimi ningetamani kupewa nikiwa mtoto.

Vyumba vitatu vya namna hiyo vina historia yake. Carlos Cruz-Diez, msanii aliyezaliwa Caracas, Venezuela, mwaka 1923 na kufariki Paris mwaka 2019, alianza mwaka 1965 kutengeneza kazi aliyoiita Chromosaturation: chumba chekundu, cha kijani na cha bluu, vimeungana, na mgeni anatembea kutoka kimoja hadi kingine. Hoja yake ilikuwa kwamba jicho letu limezoea kupokea rangi nyingi kwa pamoja, na ukilinyima zote isipokuwa moja, linashtuka na kuanza kufanya kazi unayoweza kuihisi. Hakutaka utazame rangi iliyokaa juu ya kitu. Alitaka rangi ikuzunguke kama hewa. Zingatia sana sehemu zile vyumba vinapokutana, pale mlangoni: mwanga wa huku unachanganyika na wa kule, na ukutani unapata manjano, zambarau, samawati. Watu wengi wanapita hapo wakikimbilia katikati ya chumba. Mimi ningekuambia usimame hapohapo kizingitini kuliko mahali pengine popote.

Sasa, je, ni taa za dansi? Swali lako ni la haki, na sitaki kulijibu kwa kukubembeleza. Vifaa vinaweza kuwa vilevile kabisa. Tofauti iko katika kinachotakiwa kwako. Taa ya dansi inabadilika haraka ili usahau macho yako na kufuata muziki. Chumba kama kile kinatulia, au kinabadilika polepole mno, ili uyakumbuke macho yako. Na nikuambie wazi: si kila chumba cha rangi ni kazi nzuri. Siku hizi kuna vingi vinavyotengenezwa ili vitoke vizuri kwenye picha basi, na mimi sivipendi. Namna ya kuvipima ni rahisi. Kaa dakika kumi. Kama dakika ya kumi unaona kitu ambacho dakika ya kwanza hukukiona, kuna kazi pale. Kama hakuna kilichoongezeka, hata kidogo, umeona pambo, na una ruhusa ya kusema hivyo mbele ya mtu yeyote.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya kigeni, kwamba sisi wa Katanga sanaa yetu ni picha iliyochorwa. Hapo nakataa. Mwaka 1946, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Ukipata nafasi ya kuona kazi ya Pilipili, tafuta mahali patupu: ni shida kupapata. Samaki, ndege, majani, na kila nafasi kati yao imejazwa alama ndogondogo za rangi mpaka ukingoni. Bela alichora kwa vidole vyake, doa kwa doa. Mchoro wa namna hiyo hauna pa kupumzisha jicho, unakuvuta uingie. Kutoka hapo mpaka kujaza chumba kizima si mbali. Na katika siku zetu, shirika la sanaa liitwalo Picha hapa mjini lilianzisha mwaka 2008 mikutano ya picha na video ambayo ndiyo imekuwa Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, ni mmoja wa waanzilishi. Jumba la makumbusho ya taifa la hapa limekuwa mojawapo ya mahali inapofanyikia. Jean Katambayi, naye wa hapahapa, alisomea umeme, na anatengeneza mashine za katoni na nyaya, tena amechora mfululizo wa balbu kubwa alizoziita Afrolampes. Kwa mtu wa Lubumbashi, anayejua maana ya taa kuwaka na maana ya taa kuzimika, balbu si kitu kidogo.

Hata rangi zenyewe tunazo chini ya miguu. Malakiti ni madini ya shaba, na watu wa zamani wa Misri walikuwa wanaisaga na kujipaka kwenye kope. Bluu ya kobalti, ile bluu safi ya wachoraji, ilitengenezwa na mkemia Mfaransa Louis Jacques Thénard mwaka 1802, na leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu ya Kongo, sehemu kubwa huku kwetu Haut-Katanga na Lualaba. Mweleze mwanafunzi wako hilo akiwa amesimama ndani ya chumba cha bluu. Atakuelewa bila ubao.

Turudi kwenye kichwa kilichokuuma, maana hilo si jambo la kupuuza. Sababu zinaweza kuwa kadhaa. Katika chumba chenye mwanga wa rangi moja na pembe zilizofichwa, jicho halipati mstari wa kushika, umbali unapotea, na mwili unaanza kuyumba. Katika chumba cha vioo, macho yanaona mwendo ambao miguu haikuufanya. Na kuna sababu ya fundi: taa za LED mara nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na vifaa vikiwa duni, ule mpepeso unachosha macho ya baadhi ya watu hata kama hawauoni. Ukitaka kuujua, punga vidole vyako haraka mbele ya taa. Ukiona vidole vimekatikakatika kama picha nyingi zilizofuatana, taa inapepesa. Waambie wahusika, ni haki yako, na fundi mwenye bidii atakushukuru.

Kwa hiyo usiingie moja kwa moja katikati. Ukitoka kwenye jua la mchana, simama kwanza barazani au kwenye korido mpaka macho yatulie. Ingia ukiwa karibu na ukuta. Kama kuna benchi, kaa. Kama hakuna na sakafu ni safi, kaa sakafuni. Si utovu wa adabu. Mwaka 2003, katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern huko London, msanii Olafur Eliasson aliweka jua la taa za manjano za wimbi moja, nusu duara iliyokamilishwa na dari la vioo, na ndani ya mwanga ule rangi zote zilikuwa zimekufa isipokuwa manjano na nyeusi. Watu walilala chali sakafuni, wazee kwa watoto, wakijitafuta wenyewe kule juu darini. Hakuna aliyewaamuru. Kichwa kikianza kuzunguka, tazama mikono yako au fremu ya mlango, si dari. Kikizidi, toka, kunywa maji, urudi ukitaka.

Jambo moja hapa halina mjadala. Kama mmoja wa wanao ana kifafa, au amewahi kuanguka bila sababu iliyojulikana, uliza mlangoni kabla ya kulipa kama kuna taa zinazomulika na kuzimika. Baadhi ya wenye kifafa hushikwa na mmuliko wa mara kama 3 hadi 30 kwa sekunde, na watoto na vijana wamo hatarini zaidi. Mmuliko mwekundu ni mbaya kupita mwingine. Akijikuta tayari mbele ya taa za namna hiyo, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke aondoke. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, mwanga unapenya kope.

Kuhusu mama yako, nimefurahi sana kwamba umemfikiria. Watu huacha wazee nyumbani wakisema "hataona kitu." Ataona, ila ataona tofauti na wewe, na ni vizuri ujue mapema. Mtoto wa jicho hufanya lenzi iwe na ukungu na mara nyingi ielekee manjano au kahawia. Lenzi ya namna hiyo inazuia bluu. Chumba cha bluu kitakuwa kwake na giza zaidi, pengine kijivu, usimsahihishe. Chumba chekundu kitampa zaidi. Taa inayoelekea usoni itamtawanyikia na kumwumiza, kwa hiyo msimamishe taa zikiwa mgongoni mwake. Chumba cha vioo ningekiruka, au nimpeleke mpaka mlangoni tu. Mshike mkono kila mahali pa kuvuka, kwa sababu katika mwanga wa rangi moja hata kijana haoni ngazi ndogo ya sakafu. Viatu vya kisigino kifupi, na miwani yake asiisahau. Na kama hajapelekwa kwa daktari wa macho, mpeleke; ugonjwa huo unatolewa kwa upasuaji.

Mwambie pia habari ya Claude Monet. Mchoraji huyo Mfaransa aligunduliwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akaendelea kuchora bwawa lake la mayungiyungi huku rangi zikimbadilikia machoni, na akafanyiwa upasuaji mwaka 1923. Michoro mikubwa ya bwawa hilo aliliahidi taifa lake kama zawadi ya amani. Alitoa ahadi hiyo Novemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha tu. Alikufa Desemba 1926, na Mei 1927 ilifunguliwa kwa watu wote katika jumba la Orangerie huko Paris: vyumba viwili vya umbo la yai, kuta zimepinda zisiwe na pembe, michoro minane yenye urefu wa karibu mita 100 kwa jumla, na mwanga wa mchana unaoshuka toka darini. Mtu anaingia, na maji yenye rangi yanamzunguka. Kabla ya taa za umeme kuanza kazi hii, mzee mwenye macho mabovu alikuwa ameshaifanya kwa brashi.

Watoto hawahitaji maandalizi makubwa. Yayoi Kusama, msanii wa Japani aliyezaliwa mwaka 1929, aliwatengenezea watoto kazi katika Queensland Art Gallery huko Brisbane, Australia, mwaka 2002: nyumba nzima nyeupe, meza nyeupe, viti vyeupe, hata vyombo, halafu kila mgeni anapewa vibandiko vya mviringo vya rangi abandike anapotaka, mpaka nyumba ile inamezwa. Hapo mtoto ni fundi wa kazi. Kwenye maonyesho uliyoyaona kanuni inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo muulize mlinzi, mbele ya watoto: vitambaa hivi vinaguswa au haviguswi? Wasikie jibu kwa masikio yao. Kisha waache wakuongoze. Usiwaulize "hii ina maana gani," maana watakutafutia jibu la darasani. Waulize nini kimebadilika tangu tuingie. Waulize nani kati yenu amebadilika rangi zaidi. Shati la masomo, lile jeupe, ni zuri sana kwa hili. Na mkiwa na darasa zima siku nyingine, waingize kwa vikundi vidogo. Watoto arobaini wakiingia pamoja hawataona rangi, wataona migongo.

Simu je? Sikatazi. Lakini kamera ya simu inajaribu yenyewe kusawazisha rangi, na picha itakayotoka haitafanana na ulichokiona. Mara chumba kinakuwa cha waridi, mara cha machungwa. Lile tukio la wekundu kupauka haliwezi kupigwa picha, kwa sababu halitokei ukutani. Piga mwishoni, ukiwa umeshashiba. Waombe na vijana wakupishe kizingitini kwa dakika chache. Ukiwaomba kwa heshima watakupisha, na pengine watakuuliza unatazama nini.

Siku ya kwenda: chagua asubuhi ya katikati ya juma, ukumbi ukiwa na watu wachache, na jipe saa nzima. Maandishi ya ukutani yasome mwisho, ukiwa unatoka. Halafu piga simu kabla hujatoka nyumbani, uulize umeme upo, na kama umekatika, jenereta inabeba taa zote au nusu. Wakikujibu ni nusu, nendeni siku nyingine, kwa sababu chumba cha kijani bila chekundu pembeni yake kinapoteza ule mlango niliokuambia usimame.